Uzuri wa Picha na Upesi wa Kazi

Bwana Mhariri ameniomba niandike machache juu ya swali ambalo vijana wa Chama cha Wachoraji huniuliza karibu kila Jumatano, nalo ni hili: mtu anayetunga hadithi za picha za kutolewa katika mtandao achore vizuri, au achore upesi? Nimekubali kwa furaha, maana jawabu lake ni refu, halitolewi mlangoni huku kengele inalia.

Kwanza niwaeleze wazee wetu ambao husoma gazeti hili likifika nyumbani. Hadithi za picha si jambo geni kwao. Wengi walisoma Sani walipokuwa vijana, wakawajua Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge kama mtu anavyowajua jirani zake. Hadithi ya mtandaoni ni ndugu wa zile, ila haipiti kwa mhariri, wala kwa mpiga chapa, wala kwa muuza magazeti. Mchoraji huchora nyumbani kwake, akaupiga picha ukurasa wake kwa simu, akautoa, na msomaji aliye Mtwara au Bujumbura huusoma dakika ile ile. Mimi mwenyewe natoa hadithi ya namna hiyo, ya dereva wa daladala na konda wake, ukurasa mmoja kila Ijumaa, tangu mwaka 2019.

Urahisi huo ndio unaoleta taabu. Gazetini yupo mtu wa kukuambia kwamba picha yatakiwa kesho kabla ya jua kuchwa. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alilichorea gazeti la Nation la Nairobi tangu mwaka 1992 kwa zaidi ya miaka ishirini, na gazeti la kila siku halimngoji mchoraji apate mkono mwema. Mtandaoni hakuna wa kukuhimiza, tena hakuna wa kukuambia, "Bwana, basi, ukurasa huu umekwisha, uache." Kwa hiyo mmoja hukaa na ukurasa mmoja miezi miwili, akiufuta na kuuchora tena mpaka karatasi itoboke. Mwingine hutoa kurasa tano kwa usiku mmoja, kisha asionekane tena. Wote wawili nimewaona katika chama chetu, na hadithi zao hazikufika mwisho.

Yafaa pia tumfikirie msomaji. Ukurasa uliomchukua mchoraji saa tisa, yeye huusoma kwa nusu dakika. Si kwamba hana heshima. Ndivyo macho yalivyo. Baada ya nusu dakika hiyo hataki kusifu mikunjo ya nguo, anataka kujua yule mtu aliyegonga mlango ni nani. Akijua kuwa hadithi hutoka Ijumaa atarudi Ijumaa. Akirudi mara tatu asikute kitu, atakwenda kwingine, na wala hatakuandikia barua ya kuaga.

Sasa tutazame watu waliokwisha ifanya kazi hii kwa miaka mingi, tuone wao walichagua nini.

Yuko Bwana mmoja wa Kanada, jina lake Ryan North. Tangu mwezi wa Februari mwaka 2003 ametoa hadithi iitwayo Dinosaur Comics. Ina visanduku sita, na picha katika visanduku hivyo ni zile zile kila mara: dinosaria yule yule, amesimama vile vile, anakanyaga kijumba kile kile. Kinachobadilika ni maneno tu. Mtu angedhani wasomaji watachoka baada ya wiki mbili, walakini hawakuchoka, maana maneno yake yana akili na ucheshi. North alijijua kuwa yeye ni mwandishi, si mchoraji, akaiondoa kazi ya kuchora mara moja tu, siku ya kwanza, akabaki na kazi anayoiweza.

Mmarekani Randall Munroe alianza xkcd mwaka 2005. Watu wake ni vijiti: duara la kichwa, mstari wa kiwiliwili, mistari minne ya mikono na miguu, hawana macho wala mdomo. Mara tatu kwa wiki hutoa kipya. Asiyemjua atasema, "Huyu hawezi kuchora." Lakini mwaka 2013 alitoa kazi moja iitwayo Time, yenye picha zaidi ya 3,000, zilizokuwa zikibadilika moja moja kwa muda wa miezi minne hivi, juu ya watu wawili wanaojenga ngome ya mchanga ufukweni. Mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya Hugo. Lau watu wale wangekuwa na nyuso kamili na vifungo vya shati, sidhani kama ingewezekana. Vijiti vyake ndivyo vilivyompa nafasi ya kusafiri mbali.

Mfano wa tatu vijana wa Kidato cha Nne wanaujua kuliko mimi, nao hubishana juu yake bwenini. Mwaka 2009 Mjapani mmoja ajiitaye ONE alianza kutoa katika mtandao hadithi ya One-Punch Man, ya shujaa mwenye kipara ambaye humshinda kila adui kwa ngumi moja, na kwa sababu hiyo maisha yamemchosha. Picha zake zilikuwa mbovu, sina neno jingine. Nyumba zimepinda, mikono haina mifupa. Lakini wasomaji walikuwa wengi sana, maana ONE alijua wapi pa kukatisha na wapi pa kumchekesha mtu. Mchoraji mmoja hodari, Yusuke Murata, ambaye alikuwa amechora Eyeshield 21 tangu mwaka 2002 mpaka 2009, aliisoma akaipenda, akaomba aichore upya. Toleo lake lilianza mwaka 2012, nalo ni kitu cha kushangaza kwa uzuri: kila tofali la ukuta unaobomoka unaweza kulihesabu. Murata ni mtu asiyeridhika. Sura kadhaa ambazo amekwisha zitoa amezichora tena, akazitoa mara ya pili.

Vijana wengi husema kwamba mfano huu wathibitisha ubora wa Murata. Mimi huwaambia wautazame kwa upande wa pili. Murata asingekuwa na la kuchora kama ONE angengoja mpaka mkono wake uwe kama wa Murata. Tena ONE hakuacha kuchora kwa mkono wake mwenyewe. Hadithi yake nyingine, Mob Psycho 100, aliichora peke yake kwa mistari ile ile iliyopinda, nayo ikapata tuzo ya Shogakukan, ambayo ni heshima kubwa huko Japani. (Siri yangu ni kwamba mimi napenda zaidi kusoma One-Punch Man ile ya kwanza. Wanafunzi hunicheka.)

Basi je, nasema picha nzuri hazina maana? Hapana, na hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini. Nasema kwamba neno "nzuri" tunalitumia vibaya. Mwanafunzi akisema ukurasa ni mzuri, mara nyingi maana yake ni kwamba una mistari mingi. Hadithi ya picha ina uzuri wake wa kwanza, nao ni kueleweka. Ukitaka kuupima, chukua ukurasa wako kabla ya kuandika maneno, umpe mdogo wako wa darasa la tatu, umwulize nani kamkasirikia nani. Akikujibu barabara, ukurasa huo ni mzuri, hata kama mikono ni vijiti. Akinyamaza, hata ukiongeza kivuli juu ya kivuli hutausaidia, utauzidishia giza tu. Picha za ONE zilikuwa mbovu kwa mistari lakini kila mtoto angeweza kukuambia nini kinatokea.

Na upesi nao tunaufahamu vibaya. Tunadhani ni kukimbiza mkono. Mkono hauna mbio nyingi. Mchoraji wa miaka thelathini hakuzidi sana katika kuvuta mstari mmoja. Upesi hutoka katika kuamua mapema kile ambacho hutakichora. Charles Schulz wa Marekani alichora Peanuts tangu mwezi wa Oktoba mwaka 1950 mpaka Februari mwaka 2000, jumla hadithi fupi 17,897, zote kwa mkono wake mwenyewe bila msaidizi wa kumchorea. Alifanyaje? Alichagua watoto wenye vichwa vya mviringo, majani mistari michache, ukuta mfupi wa kuegemea. Watu wazima karibu hawaonekani kabisa. Kwa kuamua mara moja tu kwamba watu wazima hawatachorwa, alijiondolea taabu ya miaka hamsini, na wala msomaji hasikii upungufu. Kinyume chake, dunia ile imekuwa ya watoto wenyewe.

Sasa nije nyumbani. Mwaka jana msichana mmoja wa chama chetu, wakati ule yuko Kidato cha Pili, alianza hadithi ya ndugu wawili wanaogombea shamba la minazi aliloliacha babu yao. Hadithi aliikamilisha yote kwa maandishi kwanza, kurasa 48, na ni hadithi nzuri kweli, yenye maneno ambayo mtu huyasikia barazani. Kuchora anajua kuliko mwanafunzi yeyote niliyemfundisha. Alipokuwa amechora kwa wiki tisa nikamwomba anionyeshe. Akaleta kurasa nne.

Nilikaa naye tukafanya hesabu, nami naiandika hapa kama tulivyoiandika ubaoni. Chama chakutana saa mbili Jumatano na saa mbili Jumamosi, yaani saa nne kwa wiki. Nje ya hapo ana masomo yake, na simruhusu aibe saa za masomo. Wiki tisa ni saa 36, na kwa kurasa nne, kila ukurasa umekula saa tisa. Zilibaki kurasa 44. Mara tisa ni saa 396, ambazo kwa saa nne kila wiki ni wiki 99. Mwaka wa shule haufiki wiki 40. Kwa hiyo angemaliza miaka miwili na nusu baadaye, naye alikuwa na miaka miwili tu shuleni, na ule wa pili ni wa mtihani wa Kidato cha Nne. Maana yake ni kwamba hadithi ile isingekwisha. Wale ndugu wawili wangebaki wameshikana mashati shambani milele.

Alilia kidogo, kisha akasema kitu ambacho wachoraji wote husema: "Mwalimu, nikichora haraka nitaiharibu." Nami nikamwambia hatutachora haraka. Tutatafuta zile saa tisa zinakwenda wapi.

Wiki iliyofuata akaweka saa mezani, akaandika kila kazi ilivyomchukua. Mpango na penseli, saa mbili. Wino, saa moja na nusu. Maneno na mistari ya visanduku, saa moja. Mandhari ya nyuma, saa tatu nzima. Na maua ya kanga, saa moja na nusu! Hapo sote tukacheka, hata yeye. Mama wa vijana wale huvaa kanga katika kila kisanduku, na msichana huyu alikuwa akichora kila ua, kila nukta ya pindo, na jina la kanga kwa herufi ndogo ambazo hata mimi na miwani yangu sikuzisoma. Minazi vile vile: kila kuti, kila jani la kuti, kisanduku baada ya kisanduku.

Tukaamua hivi. Kila mahali papya patachorwa pazima mara moja, katika kisanduku cha kwanza cha mahali hapo: shamba lote, minazi yote, kisima, njia ya kwenda barabarani. Baada ya hapo msomaji amekwisha jua yuko wapi, na shina moja la mnazi pembeni latosha kumkumbusha. Kanga itachorwa yote pale mama anapokuwa karibu na jicho na kanga ina maana, kama siku ile anapojifunika usoni. Pengine pote ni pindo tu na ua moja kubwa la katikati. Mandhari yakashuka kutoka saa tatu mpaka nusu saa, na kanga kutoka saa moja na nusu mpaka dakika kumi. Penseli ikawa saa moja badala ya mbili, na wino saa moja, kwa kuwa alianza kila ukurasa kwa kijipicha kidogo kama kiberiti, akijaribu mipango mitatu minne kwa dakika kumi, badala ya kugundua katika karatasi kubwa kwamba mtu wa kulia alipaswa kuwa kushoto. Maneno, dakika ishirini. Jumla, saa tatu.

Saa tatu mara kurasa 44 ni saa 132, yaani wiki 33. Hapo shingo yake ikainuka.

Juu ya maneno nina la kuongeza, kwa kuwa vitabu vya kufundishia kazi hii vimeandikwa na watu wa lugha nyingine na havitakuambia. Maneno ya Kiswahili ni marefu. Mzungu husema maneno kadhaa mafupi mafupi mahali ambapo sisi twasema neno moja, "hatukuwaambia." Ukichora picha kwanza na kuacha kiduara kidogo cha maneno, utayabana mpaka yasisomeke katika simu, au utalazimika kumfuta mtu kichwa. Andika maneno kwanza kwa penseli, ukubwa ule ule yatakaosomwa, halafu ndipo uwape watu nafasi iliyobaki. Kwa kufanya hivi tu wanafunzi wengi wamejiokolea nusu saa kwa ukurasa. Tena utaona kwamba mengi ya maneno hayo hayahitajiki.

Lilibaki tatizo moja, nalo halikuwa dogo. Zile kurasa nne za kwanza zilikuwa na kila jani la mnazi. Ukurasa wa tano ungekuja na shina moja tupu, na msomaji angedhani mchoraji amechoka. Huu ni mtego unaowanasa wengi: huanza kwa nguvu zote ili wasifiwe, kisha kila wiki picha hupungua, na msomaji huhisi anapunjwa. Yafaa kuanza kwa kiasi utakachokiweza wiki ya arobaini, si kwa kiasi unachokiweza wiki ya kwanza. Lakini kurasa nne zilikwisha kuwapo na zilikuwa nzuri mno kutupwa. Msichana mwenyewe akapata njia, mimi sikumsaidia. Alizigeuza kurasa zile ziwe za zamani, siku babu alipokuwa hai na shamba limestawi. Na alipofika ukurasa wa tano babu amekufa, minazi imezeeka, na mistari michache ikawa inasema jambo hilo hilo. Wasomaji hawakuona kupungua. Waliona huzuni.

Juu ya akiba nitasema kidogo tu. Usitoe ukurasa wa kwanza mpaka uwe na wa pili, wa tatu na wa nne mkononi, kwa sababu kuna malaria, kuna msiba, na kuna umeme kukatika. Mmarekani Howard Tayler alitoa Schlock Mercenary kila siku bila kukosa hata moja, tangu Juni 2000 mpaka Julai 2020, naye alikuwa akichora kabla ya siku yenyewe na kuweka akiba. Kwa msichana wetu hesabu ilikuja vizuri: kwa saa nne za wiki na saa tatu za ukurasa, huchora kurasa nne kila wiki tatu, na hutoa tatu. Ule mmoja unaozidi huwekwa, na ndio utokao shule ikifungwa. Kutoa nakutoa mimi, kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni. Ijumaa jioni naupiga picha ukurasa karibu na dirisha la ofisi, mahali penye mwanga lakini jua lisipoingia, na bando ni langu.

Sasa upande wa pili wa jambo, maana nisije nikadhaniwa kuwa nasifu upesi peke yake. Upesi una gharama, na gharama hiyo hulipwa na mwili. Magazeti ya Japani yatokayo kila wiki humtaka mchoraji kurasa kama 19 kwa sura, naye huhitaji wasaidizi ili afike. Yoshihiro Togashi, aliyeanza Hunter x Hunter mwaka 1998, amelazimika kupumzika kwa vipindi virefu kwa maumivu ya mgongo, na kuna sura zilizopigwa chapa gazetini zikiwa bado kama rasimu, akazitengeneza baadaye kwa ajili ya kitabu. Korea ya Kusini hadithi za kusomwa kwenye simu hutoka kila wiki kwa rangi, visanduku hamsini, sitini na zaidi. Jang Sung-rak, aliyechora Solo Leveling huko, alikufa Julai 2022 akiwa na miaka 37. Alikuwa na maradhi ya siku nyingi, na mimi si daktari. Lakini kifo chake kiliwafanya watu wa kazi hiyo waseme waziwazi juu ya mzigo wanaoubeba. Kwa hiyo kanuni ya chama chetu ni kwamba hakuna ukurasa unaochorwa baada ya saa nne usiku. Mwanafunzi akishindwa kutimiza Ijumaa, tunatoa tangazo la mstari mmoja, na dunia haijapata kuanguka.

Wala polepole si salama, ijapokuwa inaonekana ya heshima. Hergé wa Ubelgiji alianza Tintin mwezi wa Januari mwaka 1929, na katika miaka ya 1930 vitabu vilifuatana karibu kila mwaka. Baadaye akawa na karakana, wasaidizi, na utafiti wa kila gari na kila ndege. Picha zikawa safi kama kioo. Lakini kati ya kitabu cha mwaka 1968 na kile cha mwaka 1976 ilipita miaka minane, na kilichofuata hakikwisha. Alikufa mwaka 1983 kikiwa rasimu. Kentaro Miura, ambaye kurasa zake za Berserk ni kama michoro ya kanisani, alikufa mwaka 2021 kabla ya mwisho wa hadithi aliyoianza mwaka 1989, na rafiki yake pamoja na wasaidizi ndio waliokubali kuiendeleza. Siwalaumu, napenda kila ukurasa wao. Ila Miura alikuwa na watu wa kuipokea kazi yake. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu hana.

Kuna watu wasemao, "Toa tu kila wiki, uzuri utakuja wenyewe." Mimi nakubali nusu. Atoaye kila wiki hujifunza kupanga ukurasa, kukatisha mahali pazuri na kumfanya mtu yule yule afanane na nafsi yake katika visanduku vyote. Hayo hayafundishwi na kitu kingine. Lakini mkono uliozoea kukwepa kuchora farasi hautajua farasi hata baada ya miaka kumi. Ndiyo sababu Jumamosi nusu saa ya kwanza hatugusi hadithi. Tunachora viganja, tunachora mpishi wa shule akikoroga ugali, tunachora baiskeli, ambayo ni adui mkubwa wa kila mchoraji. Nusu saa hiyo huikata katika zile saa nne, na hesabu ya msichana wetu imesogea kidogo kwa ajili hiyo. Tulikubaliana isogee.

Wazazi kadhaa wameniuliza kama kazi hii haiwapotezei watoto masomo. Nimewaonyesha saa: nne kwa wiki, hazizidi, na alama zake za mwisho wa muhula baba yake anazo.

Wiki mbili zilizopita alifika ukurasa wa 31. Hapo ndugu wale wawili, ambao hawajasemezana tangu ukurasa wa tisa, wanakutana katika arusi ya dada yao. Ni kisanduku kimoja tu, kimeshika ukurasa mzima: uwanja, turubai, sufuria za pilau, watoto chini ya meza, wanawake zaidi ya ishirini, na kila mmoja kavaa kanga yenye maua yote na pindo lote. Ndugu wamesimama pande mbili za umati, wadogo kama punje, kila mmoja amemwona mwenzake. Ukurasa ule ulimchukua saa kumi na moja. Alikuwa na akiba ya kurasa tisa, kwa hiyo saa alikuwa nazo. Nilipoutoa Ijumaa ile simu yangu haikunyamaza mpaka usiku, na watu waliokuwa wakisoma kwa nusu dakika wakaniandikia kuuliza yule bibi aliyekaa kando ya sufuria ni nani, na kwa nini kanga yake ndiyo ile ile aliyojifunika mama siku ya mazishi.